Vicheza Muziki vya Mtandao wa Nyumbani: Ulinganisho kwa Mwenye Mafaili Mchanganyiko

Nyumbani kwetu Kiloleni, mjini Tabora, muziki umehifadhiwa katika sura nne, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Zipo kaseti za marehemu baba, za Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz, ambazo nilizihamishia kwenye kompyuta kwa kuunganisha redio kaseti kwa waya na kuzirekodi katika fomati ya WAV. Zipo CD ambazo ndugu zangu walizinakili enzi za Windows XP, nazo zikaishia kuwa WMA, kwa sababu ndivyo Windows Media Player ilivyokuwa ikinakili isipoambiwa vinginevyo. Zipo MP3 za kila namna, nyingi zikiwa zile tulizowekewa kwenye flashi katika vibanda vya nyimbo. Na siku hizi zipo sauti zinazoingia kwa WhatsApp: kaswida, vigelegele vya harusini, na wazee wakisimulia habari za ukoo.

Kicheza cha mtandao ninachokizungumzia hapa ni chombo kinachounganishwa na amplifaya, au chenye spika zake chenyewe, kikapokea muziki kwa Wi-Fi au kwa waya kutoka kwenye kompyuta, simu au diski iliyomo ndani ya nyumba ileile. Wauzaji huvishindanisha vyombo hivi kwa wingi wa fomati zilizoandikwa kwenye boksi, na mimi nilinunua cha kwanza kwa kigezo hichohicho. Boksi liliorodhesha fomati nane, lakini sehemu kubwa ya nyimbo zangu haikupigwa. Tangu hapo nimekuwa nikianza na swali jingine: kati ya vyombo vilivyomo nyumbani, ni kipi hasa kitakachofanya kazi ya kulifungua faili? Jibu la swali hilo ndilo linalotofautisha vicheza hivi kuliko orodha yoyote ya boksi.

Jina la nje na kilichomo ndani

Kabla ya kulinganisha vyombo, inafaa kujua kwa nini orodha ya boksi hudanganya bila kusema uongo. Herufi zinazofuata nukta katika jina la faili hutaja chombo cha nje tu, kama vile debe linavyoweza kuandikwa "mafuta" bila kusema kama ni ya alizeti au ya mawese. Faili lenye mwisho wa m4a laweza kuwa AAC, yaani sauti iliyobanwa kwa kupunguzwa, au laweza kuwa ALAC, fomati ya Apple ya mwaka 2004 ambayo hubana bila kupoteza chochote. Kicheza kinachosoma ya kwanza si lazima kisome ya pili, ingawa kwenye kioo cha simu mafaili yote mawili yanaonekana mapacha.

Ogg ina mtego huohuo, na kwetu unanasa watu wengi zaidi. Kwa miaka mingi neno Ogg kwenye boksi limemaanisha Vorbis, njia mojawapo ya kubana sauti, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao umo ndani ya debe la Ogg, lakini sauti yake imebanwa kwa Opus, kodeki (yaani njia ya kubana na kufungua sauti) iliyosanifishwa mwaka 2012. Kwa hiyo mtu hununua kicheza "kinachosoma Ogg", akakipa masimulizi ya bibi yake yaliyorekodiwa kwa simu, na kicheza kikanyamaza au kikaruka kwenda faili linalofuata. Kicheza hakijaharibika, ila boksi lilitaja debe na halikutaja kilichomo.

WMA ni ukoo mzima ndani ya jina moja. Ile ya kawaida husomwa na vyombo vingi vya zamani na baadhi ya vipya, ilhali ile inayobana bila kupoteza husomwa na vichache mno, na ile iliyofungwa kwa kufuli la hakimiliki haifunguki popote ila kwenye kompyuta iliyopewa ruhusa. Kompyuta hiyo kwa wengi wetu ilishauzwa au ilishakufa. Ikiwa CD yenyewe bado ipo kabatini, ni afadhali kuinakili upya kuliko kupoteza Jumamosi nzima ukibembeleza faili lililofungwa.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni rahisi. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, kwa masikio mawili, na jumla yake ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne katika WAV huchukua takribani megabaiti 42. FLAC, iliyoanzishwa na Josh Coalson na kufikia toleo la kwanza kamili mwaka 2001, mara nyingi huushusha wimbo huohuo hadi kwenye nusu ya ukubwa huo au zaidi kidogo, na ukiufungua unapata kila biti kama ilivyokuwa. MP3 ya kilobiti 320 huchukua chini kidogo ya megabaiti kumi, na ile ya kilobiti 128, ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha vibanda vya nyimbo, huchukua karibu megabaiti nne.

Tofauti nyingine kati ya WAV na FLAC haisikiki, bali huonekana. Baba mdogo alipotutembelea Jumapili moja kutoka Ng'ambo, aliomba kibao cha Tabora Jazz alichokuwa akikicheza ujanani. Nilimpa simu achague mwenyewe. Alivaa miwani, akasogeza kidole juu na chini, kisha akanirudishia: "Mwanangu, hapa niguse lipi?" Orodha nzima ilisomeka "Msanii hajulikani", namba moja hadi ishirini na mbili. WAV haina utaratibu unaokubaliwa na vyombo vyote wa kubeba jina la msanii na la wimbo, kwa hiyo hata majina niliyokuwa nimeyaandika kwa uangalifu kwenye kompyuta hayakuonwa na kicheza. Nilizigeuza kaseti zote kuwa FLAC wiki ileile. Ubora haukupungua, diski ikapata nafasi, na majina yakaonekana. Ikiwa msomaji atachukua jambo moja tu la kufanya kabla ya kununua chochote, ningependa liwe hilo.

Njia nne, na mahali faili linapofunguliwa

Kipimo cha kuanzia kwa nyumba nyingi za hapa ni sabufa yenye tundu la flashi. Si kicheza cha mtandao, lakini ndiyo inayoshindana na kila nitakachokitaja, kwa sababu tayari ipo sebuleni. Faili hufunguliwa na kijisahani kidogo cha elektroniki kilicho nyuma ya kioo chake, na kwa kawaida kijisahani hicho kinaijua MP3 vizuri, pengine na WMA ya kawaida au WAV, kisha basi. Mwenye MP3 tupu ambaye haoni adha kuhamisha flashi kutoka chumba hadi chumba hana sababu ya kuendelea kusoma.

Njia ya pili ni kisanduku kinachojitegemea. Hiki hulichukua faili lilivyo kutoka kwenye kompyuta au diski ya mtandao, kikalifungua chenyewe. Humo wamo Sonos, vicheza vya kizazi cha WiiM, na televisheni nyingi zinazoongea lugha ya DLNA, yaani kanuni za kupelekeana sauti na picha kati ya vyombo vya nyumba moja. Hapa orodha ya fomati ina uzito kamili, kwa kuwa kisichomo kwenye orodha hakipigwi. Sonos, kwa mfano, husoma MP3, AAC, WMA ya kawaida, Vorbis, FLAC, ALAC, AIFF na WAV, orodha ambayo ingetosheleza karibu kila kabati la muziki mkoani Tabora, lakini haiendi juu ya vipimo 48,000 kwa sekunde, haisomi WMA isiyopoteza, na maktaba yake ya mafaili ya nyumbani ina ukomo wa nyimbo 65,000. Ukomo huo wa mwisho nautaja kwa ajili ya madijei, kwani sisi wengine hatutaufikia. Vicheza vya WiiM hupanda hadi biti 24 na vipimo 192,000, na kwa mwenye rekodi za aina hiyo tofauti ni ya kweli. Kwa kaseti iliyopigwa miaka thelathini ndani ya redio ya mkononi, tofauti hiyo haina maana yoyote, na yeyote anayesema anaisikia namheshimu tu kwa umri wake.

DLNA inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu alama yake kwenye boksi huchukuliwa kama kiapo. Muungano ulioiasisi ulianza mwaka 2003 na ukavunjwa mwaka 2017, ingawa vyombo vyake bado vimejaa madukani na majumbani. Kwa upande wa sauti, fomati iliyolazimishwa ni LPCM, yaani sauti ghafi isiyobanwa, huku MP3, AAC na WMA zikiachwa kwa hiari ya mtengenezaji, na FLAC nayo haikulazimishwa. Kwa hiyo televisheni mbili zenye alama ileile zinaweza kupishana kabisa katika kile zinachokipiga, na hakuna aliyevunja sheria.

Hata hivyo, lazima hiyo ya LPCM inaacha mlango wazi. Seva, yaani programu inayogawa mafaili, iliyo kwenye kompyuta inaweza kulifungua faili la FLAC au ALAC yenyewe na kulipeleka likiwa ghafi, nayo televisheni ikapiga bila kujua faili lilikuwa la aina gani. Seva hazifanani katika hili. MiniDLNA, ambayo ni nyepesi na hupatikana ndani ya ruta na diski nyingi za mtandao, hupeleka faili kama lilivyo na hailigeuzi. Universal Media Server hugeuza, ila inadai kompyuta yenye nguvu zaidi. Mtu aliyekata tamaa na televisheni yake angejaribu kwanza kubadili seva, maana hilo halimgharimu shilingi.

Njia ya tatu imejengwa juu ya mlango huohuo, na nitaikalia zaidi kwa kuwa ndiyo niliyoichagua. Mwaka 2001 kampuni ya Slim Devices ilitoa kicheza kilichoitwa SliMP3, ambacho kilijua MP3 peke yake. Kila fomati nyingine iligeuzwa na seva kwenye kompyuta kabla ya kufika kwenye kisanduku. Warithi wake, Squeezebox, wakaongezewa FLAC, Vorbis, WMA na nyinginezo, lakini wazo la msingi likabaki: akili imo kwenye seva, na kisanduku ni mdomo tu. Logitech ikainunua kampuni hiyo mwaka 2006, ikaacha kutengeneza visanduku hivyo mwaka 2012, na mwanzoni mwa 2024 ikazima huduma yake ya intaneti iliyoviunganisha. Kwa desturi ya vyombo vya siku hizi, hapo ndipo vingegeuka kuwa vizuizi vya mlango. Lakini kwa sababu seva ilikuwa programu huria inayokaa nyumbani, wapenzi wake waliendelea kuitunza, na sasa inaitwa Lyrion Music Server. Fomati mpya ikitokea, hubadilishwa seva, si kisanduku.

Si lazima kutafuta Squeezebox ya zamani. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ikiwekewa programu ya piCorePlayer hugeuka kuwa kisanduku na, ukitaka, seva pia. Dosari ni kwamba mtu lazima awe tayari kukaa nayo. Raspberry Pi Zero na Raspberry Pi 5 hazina tundu la sauti la kawaida, kwa hiyo huhitaji kigeuzi cha sauti cha kuchomeka, na mipangilio yake hufanywa kwa kivinjari cha kompyuta, kwa kurasa ambazo hazijawahi kumbembeleza mtu. Mke wangu huiita "dawa yako ya mitishamba": inafanya kazi, lakini anayejua kuichanganya ni mmoja.

Njia ya nne ni kurusha kutoka kwenye simu, na hapa watu huchanganya mambo mawili yasiyofanana. Kwa AirPlay ya Apple, simu ndiyo inayolifungua faili, ikalifunga upya, mara nyingi katika ALAC yenye ubora wa CD, na kulipeleka kwenye spika, kwa hiyo spika haina haja ya kujua chochote kuhusu fomati. Kikwazo kinahamia kwenye simu, na kwa mwenye FLAC kikwazo hicho ni cha ajabu: iPhone huweza kuipiga FLAC kupitia programu ya mafaili tangu mwaka 2017, lakini programu ya muziki ya Apple yenyewe haiipokei kwenye maktaba. Kwa Google Cast mambo ni kinyume. Mara nyingi simu humpa mpokeaji anwani tu, kama mtu anayeelekezwa nyumba ya Kiloleni kwa kuambiwa "pita mwembe wa pili", kisha mpokeaji huenda kulichukua faili na kulifungua mwenyewe. Chromecast Audio, kipokezi kidogo cha Google kilichotoka mwaka 2015 na kusitishwa mwaka 2019, husoma MP3, AAC, Vorbis, Opus, WAV na FLAC hadi biti 24 na vipimo 96,000, lakini ALAC na WMA hazimo. Chombo hicho huzijua sauti za Opus bila msaada wa seva. Programu kama VLC huweza kugeuza fomati ndani ya simu kabla ya kurusha, kwa gharama ya betri.

Umeme, bando na kuta

Mapitio ya vicheza hivi huandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki na intaneti yao haihesabiwi. Hapa kwetu mambo hayo mawili yana sauti katika uchaguzi sawa na fomati zenyewe.

Google Cast huchukua ukurasa wake wa kuchezea kutoka intaneti hata pale ambapo wimbo umo ndani ya simu yako. Bando likiisha, wimbo ulio nao mkononi unaweza kugoma kuanza. Mwezi Machi 2025 cheti cha usalama cha Chromecast za kizazi cha pili na Chromecast Audio kiliisha muda wake, na vyombo hivyo vikagoma duniani kote hadi Google ilipotoa marekebisho. Lyrion, AirPlay na DLNA huhitaji ruta tu, na ruta haihitaji kuwa na salio ili vyombo vya ndani vionane. Kwa nyumba yenye ruta ya laini ambayo bando lake huwekwa mwisho wa mwezi, hiyo si tofauti ndogo.

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ndogo inayoandika kwenye kadi ya kumbukumbu yaweza kuiharibu kadi hiyo. piCorePlayer hujipakia yote kwenye kumbukumbu ya muda inapowaka, kisha huiacha kadi karibu bila kuigusa, na ndiyo sababu nimeweza kuivumilia misimu miwili ya mvua na radi zake. Tahadhari ni kwa diski yenye muziki, ambayo haina kinga hiyo na inastahili nakala ya pili iliyofungiwa kabatini.

Kuta nazo zina neno. Faili ghafi la ubora wa CD linahitaji chini ya megabiti moja na nusu kwa sekunde, na Wi-Fi yoyote iliyo hai huibeba. Rekodi ya biti 24 kwa vipimo 192,000 ikipelekwa ghafi huhitaji zaidi ya megabiti tisa mfululizo, na kuta mbili za matofali ya kuchoma kati ya ruta na chumba cha nyuma zinatosha kuifanya ikatikekatike. Mwenye seva inayogeuza anaweza kuiamuru ipeleke FLAC badala ya sauti ghafi, au ishushe vipimo. Mwenye kisanduku kinachojitegemea atavuta waya.

Nani achukue kipi

Mwenye MP3 na AAC tupu asilipie orodha ndefu, kwa sababu chochote kati ya hivi kitampigia, na angechagua kwa uzuri wa spika na urahisi wa programu ya simu. Mwenye iPhone nyumba nzima, aliyenakili CD zake katika ALAC, atakaa vizuri na spika ya AirPlay, wala asihangaike na seva. Mwenye FLAC nyingi ambaye hataki kugusa mipangilio achukue kisanduku kinachojitegemea, ahakikishe FLAC imetajwa kwa jina, na asitosheke na alama ya DLNA. Kwa mwenye mchanganyiko kama wangu, wenye WMA za zamani, kaseti na sauti za WhatsApp, naiona njia ya seva kuwa ndiyo pekee isiyomlazimisha kugeuza kila kitu kwanza. Akiamua kugeuza, azingatie kwamba WMA ikigeuzwa kuwa MP3 hupunguzwa mara ya pili. Ikigeuzwa kuwa FLAC hubaki ilivyo, ingawa faili hukua, na kilichopotea zamani hakirudi.

Kabla ya kulipa, andaa folda moja yenye mafaili saba: MP3, m4a ya AAC, m4a ya ALAC, FLAC, WAV, WMA kutoka kwenye CD zako za zamani, na ujumbe mmoja wa sauti wa WhatsApp. Yanakili kwenye simu yenye programu ya seva ya DLNA, nenda nayo dukani, omba kicheza kiunganishwe na Wi-Fi ya simu hiyohiyo, kisha yapige moja baada ya jingine huku muuzaji akisikia. Mimi nilipofanya hivyo mara ya pili, muuzaji alisubiri hadi faili la sita lilipogoma, akatabasamu, akakirudisha kisanduku kwenye boksi lake na kushusha kingine kutoka rafu ya juu.